Barua ya wazi kwa wakuu wa michezo ya mapambano: fungueni alama za waamuzi, tuzisome kwa rangi

Kwa marais na makatibu wakuu wa mashirikisho ya kimataifa ya ndondi, taekwondo, mieleka, karate na judo. Kwa wenyeviti wa kamati zenu za waamuzi. Nakala kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

YAH: RANGI ZA MAVAZI NA MAAMUZI YETU

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwamuzi wa kona wa taekwondo, yule anayekaa pembeni mwa uwanja akiwa na kifaa cha kutolea pointi mikononi. Kifaa hicho kina vitufe vya pande mbili, upande wa nyekundu na upande wa bluu. Teke likitua kwenye kinga ya kifua, mtambo unahesabu wenyewe. Ngumi ni kazi yangu. Ikirushwa, nina muda wa kufumba na kufumbua wa kujiuliza: imetua au imesukuma tu? Ina uzito au imepapasa? Kisha kidole kinabonyeza. Muda huo wote simtafuti mchezaji kwa jina, wala kwa nchi yake, wala kwa sura, maana helmeti imeshafunika sehemu kubwa ya kichwa. Namtafuta kwa rangi. Ndivyo mlivyotufundisha, na mlikuwa na sababu: jina lina mashabiki, bendera ina mashabiki, rangi mlidhani haina ndugu.

Ombi langu nalisema mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma barua ndefu aondoke nalo. Chapisheni alama za kila mwamuzi, raundi kwa raundi na adhabu kwa adhabu, pamoja na rangi aliyovaa kila mchezaji. Na kuanzia msimu ujao, rangi hiyo itolewe kwa kura katika kila pambano, isifuate tena nafasi ya mchezaji kwenye ratiba. Yanayofuata ni sababu zangu.

Habari hii ilianza kusikika kwa uzito Mei 2005, pale Russell Hill na Robert Barton, wanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walipochapisha ukurasa mmoja katika jarida la kisayansi la Nature. Walichukua matokeo ya Olimpiki ya Athens 2004 katika michezo minne: ndondi, taekwondo, mieleka ya Greco-Roman na mieleka ya mtindo huru. Katika yote minne mmoja alivaa nyekundu na mwenzake bluu, na mgawanyo wa rangi haukutegemea uwezo wa mtu. Kama rangi haina neno, ushindi ulipaswa kugawanyika karibu nusu kwa nusu. Waliovaa nyekundu walishinda takriban asilimia 55. Walipoyatenganisha mapambano kwa ukubwa wa tofauti kati ya wapiganaji, ikaonekana kwamba pale mmoja alipomzidi mwenzake waziwazi, rangi haikuwa na nguvu yoyote. Pale walipolingana, hapo ndipo nyekundu ilipojitenga.

Kwa mtu wa kiti changu, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye maana. Hakuna vazi litakalomfanya goigoi ampige hodari. Lakini pambano la karibu halimwachi mwamuzi alale usingizi mzuri, na ndilo pambano ambalo uamuzi wetu unabeba medali.

Hill na Barton wenyewe walielekea kumtazama mchezaji kuliko mwamuzi. Kwa wanyama wengi wekundu ni dalili ya ubabe. Dume la mandrili, aina ya nyani, likiwa na uso mwekundu zaidi, madume mengine humpisha njia. Binadamu naye akikasirika damu humpanda usoni. Basi huenda anayevaa nyekundu anajiona simba, au anayemkabili anapungukiwa na moyo. Inawezekana. Ila maelezo hayo yana faraja ndani yake kwetu sisi wenye vitufe: kosa, kama lipo, liko kwao.

Faraja hiyo ilidumu miaka mitatu. Mwaka 2008 Norbert Hagemann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, waliwakalisha waamuzi 42 wazoefu wa taekwondo mbele ya video. Vipande vilikuwa vya sekunde chache kila kimoja, wapiganaji wa uwezo unaolingana, mmoja na kinga nyekundu, mmoja na ya bluu. Waamuzi walitoa pointi. Kisha wakaonyeshwa vipande vilevile, lakini safari hii kompyuta imebadilisha rangi: wa bluu amekuwa mwekundu, mwekundu amekuwa wa bluu. Aliyeonekana na nyekundu alipewa pointi zaidi kwa wastani wa asilimia 13.

Naomba mkae na jambo hili kidogo. Hapakuwa na ujasiri wa mvaaji wala woga wa mpinzani, kwa sababu pambano lilishapiganwa, video imeshafungwa. Teke ni lile lile, mguu ule ule, sekunde ile ile. Kilichobadilika ni rangi peke yake, na waliobadilisha hesabu ni watu wa fani yangu, wenye uzoefu, wasio na nia mbaya. Chukueni mchezaji aliyestahili pointi 8. Asilimia 13 ya 8 ni pointi moja na chembe. Wangapi kati yenu mmewahi kuona fainali ikiamuliwa kwa pointi moja? Nadhani swali rahisi zaidi ni wangapi hamjawahi.

Sasa nisiwe mtu wa kuchagua ushahidi unaonipendeza. Upande wa pili upo, na una uzito.

Mwaka ule ule wa 2005, watafiti wengine waliandika katika Nature kwamba hata kwenye judo ya Athens, ambako hakuna nyekundu, waliovaa bluu walishinda zaidi ya waliovaa nyeupe. Wengi tulilishika hilo kama uthibitisho kwamba rangi ni rangi. Mwaka 2008 Peter Dijkstra na Paul Preenen wakalifumua. Walionyesha kuwa upangaji wa wachezaji bora kwenye ratiba, na tofauti ya muda wa kupumzika katika mapambano ya walioshindwa, vinatosha kueleza ule ushindi wa bluu. Kisha wakakusanya mashindano makubwa 71 ya judo, na tofauti kati ya bluu na nyeupe ikayeyuka. Mwaka 2013 Thomas Pollet na Leonard Peperkoorn walitazama mapambano ya UFC, yale ya kulipwa yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, na hawakuona faida ya nyekundu. Na mwaka 2024 wawili hao hao, safari hii wakiungana na Hill na Barton walioanzisha mjadala wenyewe, walijumlisha mashindano makubwa 16 kati ya mwaka 1996 na 2020, mapambano zaidi ya 6,500. Kwa jumla, nyekundu na bluu zilikaribia kabisa nusu kwa nusu. Dalili ya zamani ilibaki kwenye mapambano ya karibu, na hasa yale ya kabla ya 2005. (Watafiti wanaorudi kuichunguza kauli yao wenyewe baada ya miaka karibu 20 na kuipunguza hadharani, mimi nawavulia kofia. Si tabia iliyozoeleka katika ofisi za michezo.)

Najua baadhi yenu mlipoisoma ile ya 2024 mlishusha pumzi: suala limekwisha, faili lifungwe. Hapo ndipo tunapoachana.

Kwanza tazameni kwa nini dalili ilipungua. Watafiti wenyewe wanaelekeza kidole kwenye mabadiliko ya kanuni na teknolojia ya kutoa pointi. Athens 2004 kila teke la taekwondo lilihesabiwa na macho na vidole vya waamuzi. London 2012 kinga za kifua za kielektroniki ziliingia Olimpiki, na Rio 2016 zikafuata helmeti. Katika ndondi za Athens majaji watano walikuwa na vitufe viwili, nyekundu na bluu, na ngumi ilihesabiwa pale angalau watatu walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Mfumo huo nao haupo tena. Kwa hiyo kama upendeleo umepungua, umepungua pale jicho letu lilipoondolewa kwenye kazi. Hilo halithibitishi kwamba jicho limepona. Na jicho halijaondolewa kila mahali.

Ndondi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Vile vitufe viliingia Olimpiki Barcelona 1992 kwa sababu ya aibu ya Seoul 1988, pale bondia Mmarekani Roy Jones Jr. alipotua ngumi 86 dhidi ya 32 za Park Si-hun wa Korea Kusini, na bado majaji watatu kwa wawili wakampa Park dhahabu. Baada ya miongo miwili vitufe vikachokwa, kwa haki kabisa, kwa kuwa viliua ufundi na kufanya bondia apige ili kitufe kibonyezwe. Kuanzia 2013 ukaingia mfumo wa pointi 10: jaji anatazama raundi nzima, ikiisha anampa mmoja 10 na mwenzake 9 au pungufu. Rio 2016 tukaona yaliyotokea, na ripoti ya 2021 ya mchunguzi huru, Richard McLaren, ikaeleza jinsi mapambano yalivyochezewa kwa makusudi. Sitaki kuchanganya mambo: rangi si rushwa, na jaji anayeyumbishwa na nyekundu hajapokea bahasha ya mtu. Nataja historia hii kwa sababu imewafanya mtafute wezi tu. Mkishahakikisha hakuna mwizi mnaona mizani iko sawa.

Na mfumo wa pointi 10 una tabia moja inayopaswa kuwanyima raha. Raundi iliyo karibu sana, ambayo jaji angeweza kuipa upande wowote, ikitolewa 10 kwa 9 inakuwa na uzito ule ule wa raundi nyingine ya 10 kwa 9 ambayo mmoja ameshinda bila ubishi. Msukumo mdogo kama unywele unatosha kuisogeza raundi nzima. Pambano lina raundi tatu. Raundi moja ya namna hiyo, kwa majaji wawili au watatu, na mshindi amebadilika. Zaidi ya hayo, jaji anaamua kwa kumbukumbu: dakika tatu zimepita na anajiuliza nani alitawala. Kinachokumbukwa ni kile kilichovuta macho, na nyekundu huvuta macho.

Mieleka nayo ina wakati wake. Mwamuzi wa kati anavaa kitambaa chekundu mkono wa kushoto na cha bluu mkono wa kulia, na anainua mkono wa rangi ya aliyepata, vidole vikionyesha idadi ya pointi. Fikirieni miili miwili imezingirana, mmoja anarusha, mwingine anageuza mrusho ule ule katikati ya hewa. Mgongo wa nani ulitazama mkeka kwanza? Mwamuzi anaona fungu la nyekundu na bluu likiviringika, na mkono mmoja lazima uinuke. Kocha anaweza kurusha sponji ulingoni kuomba video, ni kweli. Lakini video nayo inatazamwa na watu, na ina rangi zile zile. Katika karate, sare ikibaki bila njia nyingine ya kuivunja, waamuzi wanainua vibendera, nyekundu au bluu, na pambano limekwisha. Hapo hakuna mtambo wala hesabu.

Hata kwangu kwenye taekwondo, msijidanganye kwamba umeme umemaliza kazi. Ngumi bado ni zetu. Pointi za ziada za teke la kugeuka bado ni zetu. Na refa wa kati bado anatoa adhabu: kutoka nje ya mstari, kuanguka, kushika. Kila adhabu ni pointi moja kwa mpinzani. Kuhusu adhabu kuna jambo la zamani kuliko yote niliyotaja. Mwaka 1988 Mark Frank na Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa timu za ligi za huko za hoki ya barafuni na mpira wa miguu wa Kimarekani zilizovaa nyeusi zilikuwa miongoni mwa zilizoadhibiwa sana. Pittsburgh Penguins walipobadili jezi kwenda nyeusi katikati ya msimu, mwaka 1980, adhabu zao zilipanda. Na waamuzi walipoonyeshwa mchezo ule ule katika mavazi meusi na meupe, walikuwa wakali zaidi kwa weusi. Kwa hiyo tukiuliza tu nani alipewa pointi, tunasahau nusu ya swali. Mwekundu akionekana mbabe, huenda anapata zaidi kwenye ngumi na kupoteza zaidi kwenye maonyo, na jumla ikatoka sifuri huku kila uamuzi mmoja mmoja ukiwa umepinda. Matokeo ya mwisho ya nani alishinda hayawezi kutuonyesha hilo. Alama za kila mwamuzi zinaweza.

Pili, kuna suala la wingi wa mapambano, na hapa ndipo hakuna mtu wa kutusaidia isipokuwa ninyi. Tuseme faida ya nyekundu siku hizi ni ndogo: katika mapambano ya karibu inashinda 51 kati ya 100 badala ya 50. Kwa mashabiki si kitu. Kwa anayepoteza medali ni kitu. Ili mtakwimu aitofautishe na bahati tu kwa uhakika wa kawaida, anahitaji mapambano yapatayo 10,000, na yote yawe ya karibu. Paris 2024 kulikuwa na mabondia 248 katika uzito 13. Katika mtoano kila pambano linamtoa mmoja, hivyo uzito wote kwa pamoja hautoi zaidi ya mapambano 235. Kwa Olimpiki za ndondi peke yake tungesubiri zaidi ya michezo 40, yaani zaidi ya miaka 160, na hapo nimehesabu hata mapambano yasiyo ya karibu.

Lakini ninyi hamna haja ya kusubiri. Mna mashindano ya vijana, ya mabara, ya dunia, ya kufuzu, ya kila mwaka, na kila alama iliyobonyezwa imo kwenye mfumo wenu wa kompyuta ikiwa na jina la aliyebonyeza. Watafiti wa nje wanaokota matokeo ya jumla yaliyochapishwa, kisha wanalaumiwa kwamba sampuli yao ni ndogo. Anayelaumu ndiye aliyekalia sampuli kubwa.

Tatu, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, ni jinsi mnavyogawa rangi.

Katika ndondi za kulipwa na katika UFC inajulikana: kona nyekundu ni ya bingwa au ya anayepewa nafasi kubwa. Mgeni anatoka kona ya bluu. Katika mashindano ya mtoano, rangi kwa kawaida inatokana na ratiba: aliyeandikwa mstari wa juu anapata hii, wa chini anapata ile. Ratiba ingekuwa imetoka kwenye kura tupu, nisingekuwa na neno. Lakini wachezaji bora sasa wanapangwa kwa viwango ili wasikutane mapema, na nafasi zao kwenye ratiba zinajulikana kabla. Matokeo yake, kwenye raundi za mwanzo rangi inaweza kuwa imebeba daraja la mchezaji.

Angalieni madhara yake. La kwanza ni kwamba hakuna hesabu safi itakayowezekana: mwekundu akishinda zaidi, ni rangi au ni kwa sababu alikuwa bora? Dijkstra na Preenen walilazimika kutumia jasho jingi kufungua fundo hilo kwenye judo, na fundo lilifungwa na waandaaji wenyewe. La pili linamhusu mwamuzi. Ukinikalisha siku nzima nikiona rangi moja ikishinda kwa sababu za haki kabisa, kwa sababu wenye viwango ndio walioivaa, jioni nimeshafunzwa. Sikuambiwa na mtu. Macho yangu yamejifunza kutarajia pointi kutoka upande huo, na katika ngumi ya mashaka nitaona nilichotarajia. Hapo hatuhitaji tena mandrili wala uso wenye hasira kueleza upendeleo. Kanuni yenu ya kugawa rangi inatosha kuuzalisha, hata kama rangi zenyewe zingekuwa kijani na zambarau.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba naona haya kuiandika kwa viongozi. Kompyuta inayopanga ratiba ipige kura ya rangi kwa kila pambano, mchezaji aambiwe anapoitwa kwenye chumba cha kusubiria. Mabondia wa ridhaa, wanamieleka na wana-judo tayari wanasafiri na mavazi ya rangi zote mbili, kwa sababu leo hawajui watafika pambano la ngapi na kwa rangi gani. Wa karate wana mikanda na glovu za rangi zote mbili. Kinga za taekwondo ziko pembeni mwa uwanja kwa rangi zote. Gharama iko wapi? Nimesikia hoja kwamba televisheni inapenda bingwa awe upande uleule kwenye skrini. Televisheni itazoea.

Kuhusu kubadili rangi zenyewe, siwaombi muifute nyekundu kesho. Nawaomba mjaribu. Jozi ya nyeupe na bluu imepimwa kwenye judo katika mashindano 71 na haikuonyesha upendeleo. Hiyo ni sifa ambayo jozi ya nyekundu na bluu haiwezi kujivunia bila maelezo marefu. Judo yenyewe haikuzaliwa na bluu. Anton Geesink, bingwa wa judo wa Uholanzi, aliipendekeza, wahafidhina wakaipinga miaka mingi, shirikisho likaikubali 1997, na Sydney 2000 ikaingia Olimpiki. Mbingu hazikuanguka, na leo hakuna mtazamaji anayetamani kurudi kukisia nani ni nani kati ya watu wawili wenye nyeupe. Karate nayo ilishaondoa nyeupe ikaweka bluu mkabala na nyekundu. Kwa hiyo nisiambiwe kuwa rangi ni urithi usiogusika. Mnazigusa kila mnapotaka. Ndondi zina sababu ya kuikwepa nyeupe, maana damu huonekana mno juu yake na inaweza kumwongoza jaji vibaya kwa njia yake yenyewe, lakini rangi hazijaisha duniani. Mashindano ya vijana yanatosha kuwa maabara.

Limebaki suala la sisi waamuzi, na hapa najua wenzangu hawatanipenda. Kwenye kozi zetu za kupandishwa daraja tunafanya mtihani wa kanuni na wa video. Ongezeni kipimo cha Münster: nusu ya darasa ione vipande kama vilivyo, nusu ione vilivyobadilishwa rangi, na baada ya muda wabadilishane bila kuambiwa. Vigeuzwe pia kushoto kwenda kulia, kwa sababu mazoea ya upande nayo yapo. Kila mmoja apewe matokeo yake kwa siri. Asifukuzwe mtu kwa mara ya kwanza. Lakini anayejua kwamba mkono wake unainamia upande mmoja ana nafasi ya kuutazama, na asiyejua hana. Hivi sasa tunapimwa macho kama tunaona mbali, tunapimwa mbio, tunapimwa kumbukumbu ya vifungu vya kanuni. Kitu pekee tunachokitumia kumtambua mchezaji hatupimwi nacho.

Mkiogopa kuwa kuchapisha alama kutatuletea matusi ya mashabiki, tumieni namba badala ya majina yetu. Mtakwimu hahitaji jina langu. Anahitaji kujua kwamba mwamuzi namba fulani, katika pambano fulani, raundi ya pili, alimpa nani nini, na huyo nani alivaa rangi gani, na alikuwa wa ngapi kwenye viwango siku hiyo. Safu tano sita za jedwali. Wekeni kila msimu ukiisha, kwenye tovuti zenu, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupakua bila kuomba ruhusa.

Sihitaji kujibiwa kwa barua binafsi. Kama mnaona nimekosea hesabu, jibuni kwa hilo jedwali.

Wenu katika michezo,

Mwamuzi wa kona, taekwondo